Visivyohitaji Kibali

Baba alijua kwa kichwa mambo yote ambayo mtu anaweza kuyafanya kwenye nyumba yake bila kumwomba mtu ruhusa. Kupaka rangi. Kupiga lipu upya. Kutoa bati bovu na kuweka zima. Kung'oa mlango na kuweka mwingine palepale ulipokuwa. Kusakafia chumba. Kupanda ua wa mimea kuzunguka uwanja, mradi usiingie barabarani. Alikuwa karani katika ofisi ya mji, pale Morogoro, upande wa majengo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupokea michoro ya watu, kuigonga muhuri wa tarehe na kuipeleka chumba cha pili, kwa wakubwa wenye uwezo wa kukubali au kukataa. Yeye mwenyewe hakuwahi kukubali wala kukataa kitu. Lakini kumwambia mtu kwamba jambo lake halina haja ya kufika kwa wakubwa, hilo lilikuwa mikononi mwake, na alilipenda kuliko mshahara.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, watu walimfuata nyumbani. Alikuja fundi gereji, alikuja mama muuza vitenge, alikuja mwalimu wangu wa darasa la tano, na mimi nikajificha chumbani. Walikaa kwenye kigoda mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi, wakaeleza shida zao. Mtu akisema anataka kutoa frem ya duka upande wa barabara, baba alitikisa kichwa: huo ni ukuta mpya, lete mchoro. Mtu akisema anataka kuweka nondo madirishani kwa sababu wezi wamezidi, uso wa baba ulifunguka.

"Hiyo haihitaji kibali," alisema, na kwa alivyosema ungedhani zile nondo amezitoa yeye zawadi.

Ilikuwa miaka ile mambo yalipofunguliwa. Kabla ya hapo saruji ilipatikana kwa kujuana, na mtu aliyepata bati kumi alipita njia za uani asionekane. Sasa maduka ya vifaa yalijaa hadi vibarazani. Rangi za kila namna, vitasa vinavyong'aa, masinki, vigae vya kutoka nje vilivyofungwa kwenye maboksi. Waliokuwa na biashara walijenga, waliokuwa na nyumba walizigeuza sura, na hata maskini alipata kopo moja la rangi ya kijani akapaka mlango. Mji mzima ulinuka rangi mbichi. Baba alitoka kazini akitembea polepole, akisimama mbele ya nyumba za watu kutazama kilichobadilika, kama wengine wanavyosimama kutazama mpira.

Sisi tulikuwa wapangaji. Tuliishi vyumba viwili Mwembesongo, kwa mama mmoja mkali aliyetukataza hata kupiga msumari ukutani, kwa hiyo kalenda yetu iliegemea kabati mwaka mzima na kila upepo ukipita ilianguka. Mtu aliyejua nyumba za mji mzima zinahitaji nini hakuwa na ukuta wa kutundika kalenda. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na jambo hilo lilinichoma kuliko nilivyoweza kusema. Niliona haya kwa niaba yake, na kwa kuwa haya ya mtoto hugeuka hasira upesi, nilimkasirikia.

Kisha ofisi ikapunguza watu. Barua zilitolewa siku moja, na ya baba ilikuwamo. Hakulalamika. Alileta nyumbani rula yake, kalamu yake ya wino na kikombe chake cha chai, akaviweka juu ya kabati, akalala mchana kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Mwaka huohuo mimi nilimaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nyumba ikawa na watu wawili waliokataliwa, na mmoja tu, mama, aliyejua la kufanya. Mama alisema twende kwao.

Kwao ni juu ya Kinole, kwenye milima ya Uluguru, mahali ambapo gari lilikuwa likikushusha chini na mwendo uliobaki ukaumaliza kwa miguu yako na pumzi yako. Bibi mzaa mama alikuwa amefariki, na nyumba yake ya fito na udongo, iliyoezekwa kwa majani, ilikuwa imefungwa. Ukoo ulimpa mama. Na hapa lazima nieleze jambo moja, maana kila kitu kilichofuata kinalitegemea. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unapita kwa mama. Mimi, kwa kuwa nimezaliwa na mama yangu, nilikuwa mwenyeji wa mlima ule tangu tumboni, hata kama nilikuwa sijui kushika jembe. Baba alikuwa mume wa binti yao. Waliweza kumpenda, na walimpenda, wakamkopesha shamba na kumletea ndizi, lakini pale alikuwa amekaribishwa tu.

Naye alitoka Kilimanjaro, mtoto wa katikati. Huko kwao kihamba cha baba, lile shamba la urithi, huangukia kwa wa kwanza na wa mwisho, na wa katikati huambiwa dunia ni pana. Alikuwa ameizunguka dunia hiyo pana kwa miaka thelathini na hakuwahi kupata mahali pa kuchomeka kijiti kikawa chake. Sikuyajua haya wakati ule. Nilijua tu kwamba baba yangu alipouona mlango ule wa mbao uliooza, na paa lile lililokuwa limelala upande mmoja, alitoa futi mfukoni na kuanza kupima.

Nisingependa kusema uongo kwamba niliipenda nyumba ile. Niliichukia. Nilichukia giza lake, ukungu uliokuwa ukiingia hadi kitandani, vijana wa pale waliocheka Kiswahili changu cha mjini, na wazee walioongea Kiluguru mbele yangu kisha wakasema, huyu si ni wetu, atajifunza. Sikutaka kuwa wao. Nilitaka taa za umeme, nilitaka viatu vikavu, nilitaka kurudi mjini nikasome kama wenzangu.

Baba alianza na paa. Alikuwa na kiinua mgongo chake, akanunua bati mjini, na bati zile zilipanda mlima vichwani mwa ndugu za mama, zikipiga kelele kila upepo ulipozigusa. Kabla hazijafika juu alikwenda kwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyekuwa msemaji wa ukoo, kumwuliza kama anaruhusiwa kutoa majani. Mjomba alikuwa mtu mfupi, mwenye mafua yasiyoisha na subira ndogo. Alimtazama sana.

"Shemeji, nyumba inavuja," alisema. "Unaniuliza nini?"

Kwa hiyo akaezeka. Kisha akasakafia. Akaongeza madirisha, akapiga lipu, akapaka chokaa nje na ndani, na nyumba ya bibi ikaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Kila hatua aliitangaza mezani wakati wa chakula, kwa sauti yake ya Jumapili: hiyo haihitaji kibali. Mama alicheka hadi akaweka tonge chini. Hapakuwa na mtu wa kutoa kibali ndani ya mlima mzima, na mtendaji wa kijiji, baba alipomfuata kuuliza utaratibu, alimwuliza yeye kama ni mgonjwa.

Alipotaka kuongeza chumba, ndipo nilipoona jinsi ofisi ilivyomwingia mtu kwenye damu. Chumba kipya kilikuwa ukuta mpya. Alikaa siku tatu na rula yake akachora nyumba nzima kwa wino, na vipimo, na mshale wa kaskazini, na mahali pa saini chini. Akaenda nao kwa mjomba, nami nikatumwa kumsindikiza nimbebee kuku wa kumpelekea. Mjomba aliushika mchoro kichwa chini, akaugeuza, akamrudishia.

"Jenga," alisema. "Udongo si upo?"

Njiani kurudi baba alitangulia mbele, mchoro mkononi. Nilidhani amekasirika kwa kudharauliwa mchoro. Tulipofika kwenye kijito alisimama, akaukunja vizuri akauweka mfuko wa shati, akaniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona maombi yakikubaliwa siku hiyohiyo. Alikuwa anafurahi. Nikamwonea huruma, na huruma ile nayo ikanikera.

Miezi ile, nikiikumbuka sasa, ndiyo niliyomwona baba yangu akiwa mzima. Aliamka kabla ya jua akachota udongo, akaukanyaga kwa miguu mitupu, suruali ya ofisini imekunjwa hadi magotini. Alipiga msumari wake wa kwanza ukutani na kutundika kalenda iliyokuwa imepitwa na mwaka mmoja, na hakuna aliyemwambia aitoe. Jioni alivuta benchi akakaa uwanjani akiitazama nyumba. Haikuwa nyumba kubwa. Ningetoa mengi leo nimwone tena amekaa pale, na mimi nipite mbele yake bila kununa.

Kosa lilitoka kwenye orodha yake mwenyewe. Dada yake alimtumia kutoka Kilimanjaro gunia dogo, na ndani yake mlikuwa na vipande vya masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo kwao huioni ikikosa kwenye uwanja wa mtu. Siku ya Jumamosi aliipanda kwa mstari, kuzunguka uwanja wote, akipima nafasi kwa futi. Nilimsikia akimwambia mama kwamba ua wa mimea haujawahi kuhitaji kibali popote. Mama hakucheka. Alisimama mlangoni na ungo mkononi, akasema kwa upole kwamba angengoja kwanza. Baba akasema angoje nini, si majani tu.

Wiki ile nzima watu walipita bila kuingia. Njia ilipita pembeni mwa uwanja wetu, na kwa kawaida hakuna aliyepita bila kubisha hodi na kuuliza habari za asubuhi hadi za mbuzi. Sasa walisalimu wakiwa mbali, wakitazama chini, kwenye yale masale. Siku ya saba akaja mjomba na wazee wengine wawili wa ukoo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Hakutaka kukaa. Alipenga mafua, akaonyesha mstari ule kwa fimbo.

"Shemeji, hivi umepanda vya nini?"

Baba alisema ni ua tu, wa kuzuia kuku. Mjomba alimwuliza kama huko kwao masale hupandwa kuzuia kuku. Kwao masale ni mpaka. Ukipanda masale umesema mbele ya walio hai na waliokufa kwamba hapa ndipo changu kinapoishia na cha mwingine kinapoanza, na mjomba alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge pamoja na watu wa huko, alilijua hilo vizuri. Hadi leo sijui kama baba alisahau au alijaribu. Nimeshaamini yote mawili, kwa zamu.

"Ukuta jenga," mjomba alisema. "Bati ezeka. Hata ukijenga ghorofa, siku ukiondoka mvua italishusha na ardhi itabaki ya wenyewe. Lakini kinachoota kinabaki. Kesho kutwa watu watauliza ni cha nani."

Hakupaza sauti, na nadhani ingekuwa nafuu kama angepaza. Wazee wale wawili walitazama pembeni kwa kuona aibu ya mtu mzima mwenzao. Ndipo nikaelewa kwamba mambo yalikuwa yamepinduliwa: mjini wangekukamata kwa ukuta na wasikuulize kuhusu mti, na huku ukuta haukuwa kitu, mti ndio uliokuwa hati ya shamba. Mgeni alikopeshwa shamba alime mahindi na maharage, vitu vya msimu, avune aende. Asipande mti. Mtoto wa miaka sita wa pale alilijua hilo. Karani wa majengo mwenye miaka ishirini kazini hakulijua.

Baba aliyang'oa mwenyewe, saa ileile, mbele yao. Alianza mwanzo wa mstari akaenda hadi mwisho, akiyafukua kwa vidole ili asivunje mizizi. Mjomba, ambaye kwa kweli alikuwa akimpenda, hakuweza kuvumilia kutazama. Baba alipofika nusu, mjomba akamwambia aache, inatosha, vijana watamalizia, lakini baba hakuacha. Mwisho mjomba akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia ya kutoka:

"Kama ni mti unautaka, si una watu? Aupande mkeo. Au aupande huyu." Akaninyooshea kidevu. "Huyu hahitaji kumwomba mtu."

Maneno yale baba aliyashika. Hakuyazungumzia, lakini baada ya kama wiki mbili aliteremka mjini na kurudi na mche wa mparachichi uliobebeshwa ili uzae upesi, ndani ya mfuko mweusi wenye udongo, ameupakata safari nzima, kisha akapanda nao mlima mikononi. Alichimba shimo kwenye kona ya uwanja, futi mbili kwenda chini na mbili kwa upana, akaliacha lipigwe jua, akalijaza samadi na udongo wa juu, akaacha nafasi ya katikati. Mche ulikuwa na majani tisa. Nayajua kwa sababu aliyahesabu kila asubuhi.

Siku aliyoichagua mvua ya vuli ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulikuwa mweusi. Nilikuwa nimekaa barazani nafumua nywele. Aliniita. Alikuwa amevaa shati lake la ofisini, limepigwa pasi, na hilo lilitosha kunitibua, kwa sababu niliona ameigeuza kuwa sherehe.

"Njoo uweke mche wako," alisema.

Nikasema si wangu. Akacheka kidogo, akidhani natania, akasema ni kuushika tu na kuuweka, udongo atafukia yeye. Sikuinuka. Mama alitoka jikoni akipangusa mikono, akaona hali ilivyo, akasema haraka kwamba ataupanda yeye, kwani tofauti iko wapi. Baba alitikisa kichwa.

"Wewe ukiupanda utakuwa wa kwenu tu," alimwambia. "Huyu akiupanda, na mimi nimo."

Nimeyabeba maneno hayo miaka mingi, na kila mwaka yanazidi uzito. Siku ile sikuyasikia vizuri. Nilichosikia ni mlima ukinifungia mlango. Niliona nikiushika mche ule nimekuwa wa pale kabisa, nitaolewa na mmoja wa wale vijana, nitazeeka nikibeba ndizi kichwani, na shule itakuwa ndoto. Nilikuwa na miaka kumi na minne na mdomo mkali.

"Mimi sitaki kuwa wa hapa," nilisema. "Na wewe, baba, si wa hapa."

Mama alinipiga kofi la begani, kofi la kwanza na la mwisho alilowahi kunipiga. Baba aliuweka mche kivulini nyuma ya jiko, akarudi na jembe, akarudisha udongo shimoni na kuukanyaga ukawa sawa na uwanja. Akaingia ndani kubadilisha shati. Jioni tulikula pamoja na aliniuliza kama nataka chumvi zaidi.

Mwaka uliofuata nilipata shule. Miaka ile shule za watu binafsi na za wazazi zilianza kufunguliwa kila upande, na mama, kwa ndizi na mafenesi yake yaliyoteremka mlimani kila siku ya gulio, alinipeleka mojawapo, ya bweni, mkoa mwingine. Nilipata nilichokitaka. Nilirudi likizo mbili kila mwaka, nikiwa na sketi ya bluu na maneno mapya ya kujifanya. Baba alinipokea chini barabarani, akanibebea sanduku hadi juu, akaniuliza masomo. Mche wa mparachichi niliuona nyuma ya jiko, umehamishiwa kwenye debe, umerefuka na kuwa mwembamba kama mtu anayekaa ndani sana. Sikuuzungumzia, naye hakuuzungumzia. Nilidhani tumeshalisahau jambo lile, na nilimshukuru moyoni kwa kusahau.

Nikiwa kidato cha nne akaugua. Mama alimteremsha hospitali mjini na kukaa naye huko kiangazi chote. Nilikuwa kwenye mtihani aliponitoka. Hakuna aliyeniambia hadi nilipomaliza karatasi ya mwisho, na wote walionificha walidhani wananihurumia.

Ndugu zake walikuja na gari la kukodi kumchukua. Hakuna mtu wa mlimani aliyesema asizikwe pale, na hakuna aliyesema azikwe. Jambo lilikuwa wazi kwa pande zote: mtu huzikwa kwao. Mjomba na ukoo wote waliteremka hadi mjini kumuaga, wengine kwa miguu, na mjomba alilia waziwazi akijipenga kwenye shuka lake. Baba alizikwa Kilimanjaro, ukingoni mwa kihamba ambacho sasa ni cha mdogo wake, kati ya migomba ya watu ambao sikuwa nawajua majina. Nilisimama pale nikafikiri kwamba hata hapa amekaribishwa tu.

Nimeshajenga nyumba yangu sasa, Dar es Salaam, kwa mchoro uliogongwa mihuri yote inayotakiwa. Mlimani napanda kila mwaka. Nyumba ile haipo. Mama alihamia kwa mjomba, bati zikatolewa zikaezeka nyumba ya binamu yangu, na kuta zilizobaki bila paa zilichukuliwa na masika mbili tu, kama mjomba alivyosema. Kinachobaki kule ni miti. Watoto wa binamu zangu wakinitembeza wananionyesha: mfenesi huu wa bibi fulani, mchungwa ule alipanda marehemu fulani aliyekuwa kipofu, mdalasini huu wa shangazi. Aliyekufa miaka sitini iliyopita bado anatajwa mara mbili kwa siku kwa sababu mtu amepumzika chini ya mti wake. Nasikiliza hadi mwisho wa shamba. Baba yangu hatajwi, na hakuna anayemkosea kwa kutomtaja. Namtamani pale, hata kwa tunda moja bichi lililoanguka.

Mwaka jana tulikuwa tumekaa na mama, anamenya ndizi, nikamwuliza mche ule uliishia wapi. Alisema ulikauka kwenye debe kile kiangazi walichokuwa hospitali. Nikasema angeupanda yeye tu, zamani, bila kumwambia baba. Mama alisema alitaka, mara nyingi, na baba alimkatalia kila mara, alisema wewe subiri, mtoto anakua.

"Ukikaribia kufunga shule alikuwa analichimba tena lile shimo," mama alisema. "Palepale kwenye kona. Anaweka samadi, anapima na futi lake. Ukiondoka analifukia. Nilimwambia akwambie, akasema hapana, akitaka atauliza mwenyewe shimo ni la nini."

Nililikumbuka. Likizo zote zile lilikuwapo, pana na safi, kwenye kona ya uwanja, na sikuuliza kwa sababu nilidhani najua, ni la taka. Nilikuwa msichana mwenye bidii nikiwa nyumbani. Kila asubuhi nilifagia uwanja wote, nikakusanya majani, maganda ya ndizi na nywele zangu za kufumua, nikavimwaga humo, na baba amekaa kwenye benchi ananitazama. Mama alisema jioni, nikienda kisimani, alikuwa akiingia shimoni na kuzizoa taka zile kwa mikono.